Baiskeli ya Kwanza ya Triathloni na Soko la Vipuri Meru na Embu

Kijana wa Meru au Embu aliyezoea mbio za miguu, na ambaye sasa ametamani triathloni, yaani shindano la kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia bila kituo, hupata viatu kwa bei anayoimudu, na bwawa la hoteli kwa kiingilio, lakini afikapo kwenye baiskeli ndipo hesabu ya mfuko wake inapovurugika. Masafa ya wanaoanza si ya kutisha, mita 750 majini, kilomita 20 juu ya baiskeli na kilomita 5 kwa miguu. Wala hakuna amtakaye mgeni wa mchezo awe na chombo cha fahari, maadamu breki za mbele na nyuma zinashika na helmeti imo kichwani. Shida yake iko sokoni.

Soko lenyewe ni la aina mbili zisizokutana. Ya kwanza ni baiskeli ya kazi, Black Mamba, ambayo asili ya umbo lake ni zile baiskeli nzito za Kiingereza za akina Raleigh wa Nottingham, na ambayo siku hizi hutoka India na China. Hii ndiyo ibebayo madumu ya maji Mbeere na magunia ya mpunga kule Mwea, na vipuri vyake havikosekani. Ya pili ni baiskeli ya mbio, ambayo kwa mnunuzi wa kipato cha wastani aghalabu ni mtumba, bidhaa ishukayo Mombasa ndani ya makontena, ikachambuliwa Nairobi, kisha ikapanda mlimani kwa mikono ya wachuuzi ambao kila mmoja hana budi kujitilia faida, hata ifikapo soko la Gakoromone mjini Meru huwa imekwisha kuvaa bei ya watu watatu. Ndiyo maana wengine huona heri kutoa nauli na kushuka Nairobi wenyewe. Nami siwalaumu, ila huko hupata baiskeli na kumwacha fundi.

Kwa maana gharama ya baiskeli ya mbio huanza siku ile tairi inapopasuka. Tairi ya Black Mamba, iliyoandikwa 28 kwa 1½, hukaa juu ya rimu ya kipenyo cha milimita 635, na ile ya mbio, iitwayo 700C, juu ya rimu ya milimita 622. Tofauti hiyo ya milimita 13, ambayo machoni pa muuzaji ni kama haipo, yatosha kumlaza mwendeshaji nje ya mashindano, kwani aweza kuzunguka maduka ya mji mzima asipate tairi moja ya kumfaa. Ziko pia baiskeli za kale za Uingereza zenye tairi za inchi 27, ambazo rimu zake ni za milimita 630. Huuzwa rahisi kwa kuwa tairi zake ni adimu, na kwa sababu hiyo hiyo mnunuzi na azipite. Kinywa cha kutilia upepo cha tairi ya mbio nacho ni chembamba, hakishiki pampu ya fundi wa kando ya njia bila kiunganishi kidogo cha shaba. Na mafundi wenyewe wamehama: tangu Serikali ilipopunguza kodi za pikipiki ndogo mwishoni mwa miaka ya 2000, na bodaboda ikashika njia zote, aliyekuwa stadi wa kunyoosha spoku na kung'oa kotapini, yaani pini ya mkono wa pedali, amegeukia injini, ambazo humlipa zaidi.

Kuna na ardhi, ambayo wachuuzi hawaitaji. Barabara ya Embu kwenda Meru kwa njia ya Chuka hukata mabonde ya mito ishukayo kutoka Mlima Kenya, Thuchi, Nithi, Mutonga, na kila bonde ni kushuka kwa hofu (daraja la Nithi lina sifa mbaya ya ajali) na kupanda kwa jasho. Baiskeli ya mbio ya zamani, ambayo gia yake nyepesi kabisa ina meno 39 mbele na 23 nyuma, husonga karibu mita 3.6 kwa kila mzunguko wa pedali. Yenye meno 34 mbele na 32 nyuma husonga mita 2.3 tu, na magoti hushukuru. Basi meno na yahesabiwe kabla ya kusomwa jina la kampuni: ngazi za chini za vifaa vya gia vya Shimano, Claris au Sora, zafaa huku kuliko vifaa vya fahari vyenye gia nzito.

Fremu ya chuma au alumini ni salama kuliko kaboni ya mtumba, ambayo ufa wake hujificha chini ya rangi. Mwenye shilingi 30,000 asizimalize kwa mchuuzi. Rai yangu ni aweke kando theluthi, kwa ajili ya helmeti, tairi, mnyororo na raba za breki.

Mfanyabiashara wa Embu au Meru atakayeweka rafuni tairi za 700C za upana wa milimita 28, mipira yake ya ndani, na minyororo ya gia 8 na 9, hatahitaji rasilmali kubwa. Hatari yake ni fedha kulala, maana wateja bado ni haba. Njia ya hadhari ni waendeshaji wa miji yote miwili waagize kwa pamoja kupitia duka moja, na kulipa nusu ya thamani kabla mzigo haujatoka Nairobi.