Pete, Spana na Volti 12

Muulize fundi gari kama betri ya volti 12 inaweza kumrusha. Atakwambia haiwezi, na huenda akavishika vichwa vyote viwili kwa vidole ili akutoe wasiwasi. Anasema kweli. Ngozi kavu ina ukinzani mkubwa. Ukiwa omu 10,000, volti 12 hupitisha mwilini miliampea moja na ushei tu, kiasi ambacho mtu hukihisi kwa shida. Ukweli huo ndio unaowaponza mafundi. Betri humuunguza mtu bila umeme kupita mwilini mwake. Inatosha upite kwenye chuma alichokivaa.

Ajali yenyewe hutokea hivi. Fundi ameinamia injini, spana namba 10 mkononi, analegeza nati ya kichwa chanya. Nafasi ni finyu. Mkia wa spana unakaribia bodi ya gari, na bodi hiyo imeunganishwa na kichwa hasi. Kidole chenye pete kinabanwa katikati: upande mmoja pete inagusa spana, upande wa pili inagusa bodi. Betri imepigwa shoti, na pete imegeuka kuwa waya.

Umeme wa kiasi gani hupita hapo? Betri ya risasi, aliyoivumbua Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ina sifa moja iliyoifanya itawale magari hadi leo: hutoa mkondo mkubwa mno kwa ghafla. Ndani yake mna sahani pana za risasi zilizopangwa karibu karibu katika tindikali, kwa hiyo ukinzani wake wa ndani ni omu chache tu za elfu. Stata ya gari dogo la petroli hunyonya ampea mia moja, mia mbili, wakati wa kuwasha. Shoti huvuta mamia kadhaa, na kwenye betri kubwa yenye chaji mkondo hupita ampea 1,000. Pasi ya umeme nyumbani hutumia kama ampea 5.

Tufanye hesabu ya pete. Joto linalozaliwa katika chuma hupatikana kwa kuzidisha mkondo kwa mkondo, kisha kwa ukinzani. Chukua ampea 500, na ukinzani wa pete pamoja na pale inapogusana na spana uwe elfu moja ya omu. Jibu ni wati 250. Joto hilo likiingia lote katika gramu 4 za dhahabu, pete hupanda nyuzi karibu 480 kwa kila sekunde. Ngozi iliyofikia nyuzi 70 huungua vibaya ndani ya sekunde moja. Hakuna mkono unaoweza kuwahi kujitoa.

Madaktari waliujua uwezo huu mapema. Mwaka 1854 daktari mpasuaji Albrecht Middeldorpf, wa Breslau, alichapisha kitabu juu ya upasuaji wa kutumia waya wa platinamu uliopashwa moto kwa betri hadi ukakata nyama na kuziba mishipa ya damu. Kinachompata fundi gereji ni jambo lile lile, isipokuwa waya umezunguka kidole chake na hakuna aliyeushika kwa uangalifu.

Na huko kuzunguka ndiko kunakolifanya jeraha la pete liwe baya kuliko linavyoonekana. Kwa macho ni ukanda mwembamba, pengine mweupe na mkavu kama ngozi ya ngoma. Huenda usiume, kwa sababu neva za hapo zimekufa pamoja na ngozi. Kutokuuma si dalili njema. Kunaonyesha moto umezama. Saa chache baadaye kidole huvimba, lakini ngozi iliyokufa haitanuki. Hukikaba kidole, damu ikakosa njia. Wakati mwingine daktari hulazimika kuichana ngozi hiyo ili damu ipite.

Kwa hiyo baada ya ajali kuna mambo ya kufanya haraka. Pete ivuliwe kabla uvimbe haujaanza, lakini kama imegandamana na ngozi iachwe kwa wahudumu wa afya. Kidole kiwekwe chini ya maji ya bomba ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu hapana. Dawa ya meno, ute wa yai na mafuta ya kupikia hapana kabisa, maana huchafua jeraha na kumzuia daktari asione kina chake. Kisha hospitali, hata kama hakuna maumivu.

Cheche nayo ina hatari yake. Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, na gesi hiyo ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka na kurusha tindikali usoni. Miwani ya kazi si anasa. Tindikali ikiingia jichoni, maji mengi papo hapo, bila kungoja gari la kwenda hospitali.

Siku hizi hatari imetoka nje ya gereji. Mafundi wa sola hufunga betri nyingi pamoja hadi volti 48, na pikipiki za umeme zinazokimbia Nairobi na Kigali zina betri za volti nyingi zaidi. Umeme wa ukutani unaweza kuuzima kwenye swichi kuu. Betri huizimi, vichwa vyake vina umeme mchana na usiku. Ndiyo maana fyuzi inatakiwa ikae karibu kabisa na betri, kwani waya ulio kabla ya fyuzi hauna kinga yoyote.

Utaratibu wa kazi unajulikana. Kwenye gari ambalo bodi yake ni hasi, kichwa hasi hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho, ili spana ikigusa bodi pasiwe na njia ya umeme. Mkia wa spana uvishwe mpira. Kichwa chanya kifunikwe. Pete, saa na bangili zivuliwe, na mkufu usining'inie. Ninawaomba wenye gereji na kampuni za sola wapigilie msumari ukutani wa kutundikia vitu hivyo, na wasimruhusu mtu yeyote, hata mwanagenzi wa siku ya kwanza, kugusa betri kabla hajavua.