Seva ya Saraka Inapogoma Baada ya Kupandishwa Toleo (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliieleza saraka ya LDAP kuwa ni daftari moja la majina ambalo barua pepe, wifi na mfumo wa mishahara hulichungulia kabla ya kumruhusu mtu kuingia. Leo tuingie jikoni, tuone kinachoungua mtu anapohama OpenLDAP 2.4 kwenda 2.5.

Toleo la 2.4 lilitoka mwaka 2007, na 2.5 haikuonekana mpaka 2021. Mafundi wengi wamekulia ndani ya 2.4, wakazoea kwamba kupandisha toleo ni kubonyeza "ndiyo" na kwenda kunywa chai. Lakini 2.5 iliyaondoa kabisa maghala mawili ya zamani, bdb na hdb, ikabakisha mdb, lililobuniwa na Howard Chu. Programu mpya haiwezi kuyasoma mafaili ya hdb hata kwa dawa. Kwa hiyo daftari lote hutolewa kwanza kama maandishi ya kawaida, kwa amri ya slapcat ya toleo la zamani, kisha humiminwa upya kwa slapadd ya toleo jipya. Aliyekwisha kuliondoa toleo la zamani bila kufanya hivyo hajapotea: alisimike kwenye mashine nyingine, ayapeleke mafaili huko, ayatoe. Ila usiku wake utakuwa mrefu.

Kijana mmoja niliyewahi kumfundisha, sasa fundi katika chuo fulani, alinipigia saa nne usiku.

"Shikamoo mwalimu. Seva imewaka vizuri, ila kuna watu inawakatalia nywila."

"Marahaba. Watu gani?"

"Hawa walioajiriwa juzijuzi. Wazee wote wanaingia."

Alikuwa amekwisha kuwabadilishia watatu nywila kwenye faili la maandishi, akijiandaa kuwabadilishia wote. Nikamwambia aache. Slapcat haitoi majina kwa alfabeti. Huyatoa kwa namba za kuandikishwa, wa kwanza kuingia kwenye daftari ndiye wa kwanza kutoka. Wazee wakiwamo na vijana hawamo, ujue umiminaji ulikatika njiani.

Na ndivyo ilivyokuwa. Ghala la mdb, lisipoambiwa vingine, hujiwekea ukomo wa baiti 10,485,760, yaani megabaiti 10. Lilipojaa, slapadd ilisema limejaa na kusimama, lakini ujumbe ule ulipita kwenye skrini wakati kijana anajibu simu. Kilichompoteza zaidi ni kosa namba 49, la utambulisho usio sahihi. OpenLDAP humjibu namba hiyohiyo mwenye nywila mbovu na mwenye jina lisilokuwemo kabisa, makusudi, ili mwizi asijue majina yapi yapo. Busara nzuri, ila humzungusha fundi mwaminifu.

Tukapandisha olcDbMaxSize hadi gigabaiti 1. Aliogopa diski itamezwa. Haimezwi, kwa sababu kile ni kikomo tu, na faili hukua kadiri ya vilivyomo. Akafuta ghala lenye nusu ya watu, akamimina upya.

Safari hii seva haikuwaka kabisa. Kwa haraka alikuwa amemimina akiwa root, mafaili yakawa mali ya root, wakati kwenye Debian seva huendeshwa na mtumiaji aitwaye openldap, asiye na ruhusa ya kuyagusa. Chown moja, ikawaka. Kosa hili nimeliona mara nyingi kuliko mengine yote, na mimi mwenyewe nimo.

Liko pia la sera ya nywila. Katika 2.5 moduli ya ppolicy inakuja na skima yake ndani. Ukiingiza usanidi wa zamani wenye skima ile ile, seva hulalamika kwamba sifa zimetajwa mara mbili. Ondoa ya zamani kwenye faili la usanidi kabla ya kulimimina.

Kabla ya kukata simu nilimtaka ahesabu mistari inayoanza na "dn:" katika faili la zamani, kisha atoe slapcat kutoka seva mpya na kuhesabu tena. Nikamsikia akinong'ona tarakimu, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Zimelingana, mwalimu."

Wiki ijayo: seva mbili zinazonakiliana, moja ikiwa bado 2.4.