Siri ya Dundu Asiyeshikwa na Tope

Udongo wa mfinyanzi ukilowa hung'ang'ania chuma. Bamba la plau, ambalo kazi yake ni kupindua udongo, huvikwa tope, na tangu hapo ni udongo unaosuguana na udongo. Trekta huzidisha mafuta, ng'ombe huchoka mapema, tuta halipinduki sawasawa. Wanaolima mbuga za udongo mweusi wanaijua adha hiyo: kila baada ya hatua kadhaa ni kusimama na kukwangua.

Dawa ya zamani ilikuwa kung'arisha. Mwaka 1837, mhunzi John Deere wa Grand Detour, jimbo la Illinois nchini Marekani, alitengeneza plau kwa feleji ya msumeno uliovunjika. Feleji hiyo laini ilijisafisha yenyewe katika udongo ambao plau za chuma cha kusubu zilishindwa.

Hata hivyo, ulaini nao una kikomo, kwa sababu kinachonata hasa ni maji. Kati ya mfinyanzi mbichi na bamba laini hutanda utando mwembamba wa maji. Hewa haipati pa kupenya, na viwili hivyo hushikana kama vioo viwili vilivyolowa.

Nchini China, watafiti wa mjini Changchun, katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Jilin, wakiongozwa na Ren Luquan, waliwageukia viumbe wanaoishi humo humo topeni. Dundu wa kinyesi huchimba siku nzima akatoka safi. Kwa darubini, kichwa na mgongo wake vilionekana vimejaa vinundu na vishimo, kinyume kabisa na plau iliyong'arishwa. Kila kinundu huukata utando wa maji na kuacha upenyo wa hewa, hivyo udongo hugusa sehemu chache tu na kubanduka kwa urahisi. Ngozi yenyewe pia haipendi maji. Nyungunyungu ana mbinu nyingine: pingili zinazojikunja, ute, na umeme hafifu wa mwilini unaovuta maji ya udongo kuelekea ngozini yakawa kilainishi.

Kutokana na hayo yalitengenezwa mabamba ya plau na ya tingatinga yenye vinundu vya mviringo, mengine kwa plastiki ngumu isiyoshika maji, na majaribio yakaonyesha kuwa nguvu ya kuvuta hupungua. Mbinu ya umeme ni nzuri kimaabara, ila kumfungia mkulima betri kwenye plau ni kumwongezea gharama.

Ugumu uliobaki ni uchakavu. Gamba la dundu halikokotwi ekari baada ya ekari kwenye changarawe. Vinundu vya plau husagika, na vikisagika faida yake huisha. Ukubwa na nafasi kati ya vinundu navyo lazima vilingane na udongo, maana vikikosewa tope hujaa katikati yake. Kwa mfinyanzi mbichi, bamba la vinundu lina faida. Kwenye udongo wa kichanga, feleji iliyong'arishwa inatosha, tena ni rahisi.