Mwindaji Asiye na Bunduki: Mnasa Fuko wa Gusii

Atajwapo mwindaji, aghalabu msomaji huwaza bunduki. Nchini Kenya, uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977. Hata hivyo, katika mashamba madogo ya Kisii na Nyamira angalipo mwindaji mmoja: mnasa fuko. Fuko hutafuna mizizi ya migomba na viazi vitamu chini kwa chini, na mkulima hutambua hasara mmea unyaukapo.

Silaha za mnasa ni ufito, kamba na kijiti. Hufukua njia ya fuko, akatega kitanzi tunduni, kisha akaupinda ufito na kuuzuia kwa kijiti. Mwanga na upepo vikipenya, fuko huja kuliziba tundu kwa udongo. Akikisukuma kijiti, ufito hufyatuka na kitanzi humkaza.

Je, siri yake ni nini? Si nguvu, bali ni kuijua tabia ya mnyama: njia ipi ni mpya na ipi imehamwa. Maarifa haya aghalabu hupokezanwa kwa kutazama. Mzee akifariki bila mwanafunzi, huzikwa nayo. Kwa hivyo, ni wajibu wetu wanafunzi wa lugha kuyaandika, pamoja na msamiati wake, wangali hai wenyewe.