Somo la 12: Ongeza Mbio Pole Pole, na Uchague Saa Inayokufaa

Leo tunazungumza na wewe mama, na wewe mlezi, unayetaka kuanza kukimbia ili mwili upate nguvu. Huenda umejifungua majuzi, au ni miaka mingi tangu ukimbie shuleni. Jambo la kushika leo ni hili: haraka haraka haina baraka. Mapafu huzoea mbio upesi, lakini mifupa na kano huchelewa. Ndiyo maana mtu hujisikia ana pumzi ya kwenda mbali, kisha anaumia goti au muundi.

Je, uanze lini? Ikiwa umejifungua, wataalamu wa viungo hushauri usikimbie kabla ya wiki 12, hata kama ulijifungua kwa njia ya kawaida. Uliyepasuliwa huenda ukahitaji muda zaidi. Wakati huo tembea, na ufanye zoezi la misuli inayoshikilia kibofu na kizazi. Ikaze kama anayezuia mkojo, hesabu hadi tano, kisha ilegeze. Rudia mara kumi. Bingwa wetu Faith Kipyegon alijifungua mwaka 2018, akarudi mashindanoni mwaka 2019. Baadaye alishinda dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 na ya Paris mwaka 2024. Ikiwa bingwa alingoja, wewe unakimbilia wapi?

Sasa sikiliza mpango wenyewe. Fanya mazoezi siku tatu kwa wiki, na upumzike siku moja au mbili katikati.

Wiki ya 1 na 2: tembea kwa haraka dakika 30.
Wiki ya 3 na 4: kimbia dakika 1, tembea dakika 2. Rudia mara 8.
Wiki ya 5 na 6: kimbia dakika 3, tembea dakika 2. Rudia mara 5.
Wiki ya 7 na 8: kimbia dakika 5, tembea dakika 2. Rudia mara 4.

Wiki ikikulemea, irudie. Kimbia kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza na mwenzako. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo. Ukishazoea, ongeza umbali kidogo tu. Wengi hufuata kipimo cha sehemu moja kwa kumi: ikiwa wiki hii umekimbia kilomita 10, wiki ijayo usizidishe 11. Kila wiki ya nne, punguza ili mwili upumzike.

Je, saa? Usidanganyike kwamba bila saa ya bei ghali huwezi kukimbia. Mpango huu unahesabu dakika, kwa hiyo saa ndogo ya tarakimu yenye kitufe cha kuhesabu dakika na sekunde inatosha. Kabla ya kulipa, ivae. Je, tarakimu unazisoma ukiwa unatembea? Vitufe vinabonyezeka kwa vidole vyenye jasho? Mkanda haukubani? Inastahimili mvua?

Ziko pia saa zinazopima umbali kwa setilaiti. Zinafaa kwa anayekimbia mbali, lakini betri yake huisha upesi inapopima, kwa hiyo uliza inadumu saa ngapi. Zile zinazohesabu mapigo ya moyo mkononi hukosea, hasa mkanda ukilegea. Usizitumie kujitibu. Umbali unaweza kuupima bila saa hiyo. Katika uwanja wenye njia rasmi, mzunguko mmoja wa njia ya ndani ni mita 400, basi mizunguko mitano ni kilomita 2. Barabarani, mwombe mwenye bodaboda akusomee mita ya pikipiki yake. Pesa utakazookoa nunua raba nzuri na sidiria inayoshika vizuri.

Mama anayenyonyesha, usiogope. Maziwa hayaharibiki kwa sababu umekimbia. Mnyonyeshe mtoto kabla ya kutoka ili matiti yasiume, na unywe maji ya kutosha.

Lakini kuna dalili ambazo saa haiwezi kukuonyesha. Acha kukimbia na uende kituo cha afya ukiona mkojo unatoka wenyewe, uzito sehemu za chini kama kitu kinachotaka kutoka, damu inayorudi baada ya kukoma, au maumivu ya mshono. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni jambo la dharura, usingoje kesho. Akina mama wengi huficha tatizo la mkojo kwa aibu. Si aibu, na lina matibabu. Mwenye mimba, shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo amwone daktari au muuguzi kabla ya kuanza.

Basi mama, anza na dakika moja. Haba na haba hujaza kibaba.