SERIKALI NAYO HUSHTAKIWA

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Methali hii yafaa barabarani, mahakamani haifai. Twasema hivi kwa sababu wako wananchi wa Tanzania ambao, wakigongwa na gari la Serikali, hukaa kimya wakiamini kwamba Serikali haishtakiwi. Imani hiyo si ya kweli, na hasara yake ni kubwa, hasa kwa aliyeumia ubongo.

Aliyevunjika mguu, kila mtu humwona akichechemea. Aliyeumia ubongo aweza kurudi nyumbani bila jeraha la kuonekana, ndugu wakamshukuru Mungu. Kumbe ubongo umetikisika ndani ya fuvu. Baada ya majuma machache, fundi asahau vipimo alivyovijua tangu ujana. Baba mpole awa mkali kwa wanawe. Usingizi hauji, wala kazi haishikiki. Hata picha ya eksirei huonyesha mfupa wa fuvu tu, si ubongo wenyewe. Na ni mtu huyu ambaye sheria yamtaka atunze karatasi na kuhesabu siku!

Basi sheria yasemaje? Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali ya 1967 yakubali kwamba Serikali huwajibika kwa makosa ya watumishi wake wawapo kazini. Dereva wake akiendesha kwa uzembe akamwumiza mtu, Serikali hudaiwa. Lakini zamani mlango huo ulikuwa na komeo. Sheria hiyo, pamoja na marekebisho yake ya 1974, ilimtaka mdai apate kwanza kibali cha Waziri. Yaani mdaiwa ndiye aliyetoa ruhusa ya kudaiwa! Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililotoka Arusha, ilitamka kwamba sharti hilo lavunja Katiba. Na mwaka 1994 Bunge likaibadili sheria.

Siku hizi yatakiwa taarifa ya siku 90, ikieleza msingi wa madai, kwa wizara au idara inayohusika, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kisha shauri hufunguliwa katika Mahakama Kuu, wala si penginepo. Muda wa kudai madhara ya namna hii ni miaka 3.

Kwa mgonjwa asiyekumbuka hata siku ya jana, miaka 3 hupita kama upepo. Kwa hiyo yawapasa ndugu kuamka mapema. Andikeni namba ya gari na majina ya mashahidi. Chukueni fomu ya polisi ya PF3. Tunzeni stakabadhi ya kila dawa na kila nauli, maana gharama isiyothibitishwa mahakama hailipi. Mwelezeni daktari kila badiliko la tabia na kumbukumbu, naye aliandike. Na ikiwa mgonjwa hawezi tena kusimamia mambo yake, mahakama yaweza kumkubali ndugu asimame kwa niaba yake. Asiye na fedha ya wakili asikate tamaa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwekwa kwa ajili yake.

Wako watakaosema kwamba kuidai Serikali ni kuchota katika mfuko wa wananchi. Sisi twajibu kwamba mzigo upo tayari. Swali ni nani aubebe: mke mmoja na watoto wake, au taifa zima ambalo gari lile lilikuwa likilitumikia? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini mwenye kuubeba ajua uzito wake.

Wakuu wa idara nao wana wajibu. Sheria hairuhusu mali ya Serikali ikamatwe na kunadiwa ili kulipa deni la hukumu; kwa hiyo aliyeshinda hutegemea uaminifu wa mdaiwa. Uaminifu huo uonekane. Kosa likiwa wazi, siku 90 zitumike kupatana, si kuichosha familia iliyokwisha kuchoka. Na hukumu ikitolewa, malipo yasicheleweshwe.

Serikali haipungukiwi heshima kwa kusimama mbele ya jaji pamoja na raia wake. Hupungukiwa pale raia aliyeumizwa anapoogopa kuisimamisha hapo.