Maniema: Asilimia moja ya chanjo ni kipimo gani?

Sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba, muuzaji wa mchele akitaja bei, mnunuzi anauliza kwanza: ya kopo ao ya gunia? Swali hilo dogo husahauliwa mara nyingi ripoti za afya zinaposomwa. Kwa wakaaji wa Kasongo na Kabambare, kulisahau kunaweza kupeleka timu ya chanjo kwenye kijiji ambacho kingeweza kungoja.

Kasongo haikuanza leo kubishaniwa kwa hesabu. Mwaka 1981 jarida la kitabibu The Lancet la Uingereza lilitoa utafiti wa Mradi wa Kasongo juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Chanjo ilipunguza vifo. Lakini waandishi waliuliza kama baadhi ya watoto waliookolewa, kwa kuwa ni dhaifu, hawafi baadaye kwa magonjwa mengine. Watafiti wengine waliwapinga.

Siku hizi tafiti nyingi za namna hiyo hutumia hesabu iitwayo regresheni ya lojistiki, inayopima wanaougua dhidi ya wasiougua. Tuseme, kwa mfano wa kubuni tu, imetoa namba 0,97 kwa kila pointi moja ya asilimia ya watoto waliochanjwa. Kijiji kimoja kina 40 kwa mia, kingine 60. Wengi watazidisha 3 kwa 20 na kutangaza kwamba hatari imeshuka kwa asilimia 60. Sivyo. Ni 0,97 inayozidishwa kwa yenyewe mara 20, na jibu ni 0,54: kushuka kwa asilimia 46.

Mtaalamu mwingine anachukua takwimu zilezile, ila kiwango cha chanjo anakiandika kati ya 0 na 1, si kati ya 0 na 100. Kompyuta inamrudishia 0,05, na gazeti linaandika kwamba chanjo inapunguza surua mara 20! Kijijini hakuna kilichobadilika. Namba hii ya pili inalinganisha kijiji ambacho hakuna hata mtoto mmoja aliyechanjwa na kijiji ambacho wote wamechanjwa. Ni kopo limegeuka gunia.

Tena, nusu ya hesabu hii si nusu ya wagonjwa. Watoto 60 kwa mia wakiugua, ni 60 dhidi ya 40, yaani 1,5. Nusu yake ni 0,75, nayo ni sawa na wagonjwa 43 hivi kwa mia, si 30. Ugonjwa ukiwa wa nadra tofauti hiyo karibu haionekani, lakini surua ikiingia mahali pasipo chanjo huwa si ya nadra.

Umbali ndio unaochanganya zaidi, kwa sababu watafiti huugeuza kuwa logarithmu. Wakiandika namba 2, si kwamba hatari inaongezeka mara mbili kwa kila kilomita. Ni kila umbali unapozidishwa kwa 2,72. Umbali ukiwa maradufu tu, namba ni 1,62: kutoka kilomita 5 hadi 10, ao kutoka 20 hadi 40, ni sawa. Kutoka 40 hadi 45 haifiki hata 1,1. Kwa hesabu hiyo, mama anayetembea kilomita 10 badala ya 5 ana mzigo ambao wastani wa jimbo zima hauuonyeshi. (Anayeishi mlangoni pa kituo ana kilomita sifuri, na sifuri haina logarithmu; watafiti humwongezea kidogo.)

Na asilimia yenyewe inatoka wapi? Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984. Tangu hapo idadi ya watoto katika kila zoni ya afya ni makadirio, na vita vimehamisha watu kijiji hadi kijiji. Ndiyo maana kituo kinaweza kutangaza kwamba kimechanja asilimia 110 ya watoto wake, na bado surua ikaingia.